Siku Heliamu Ilipoacha Kutokota

Tarehe 8 Aprili 1911, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, Profesa Heike Kamerlingh Onnes na fundi wake mkuu, Gerrit Flim, walikuwa kazini tangu asubuhi. Mbele yao kulikuwa na chombo cha kioo chenye heliamu iliyogeuzwa kimiminika, na ndani yake mrija mwembamba wa zebaki. Katika chumba kingine chenye giza alikaa Gilles Holst na kipimo chake cha umeme, akisoma jinsi zebaki ile ilivyokinza mkondo. Alasiri, halijoto iliposhuka hadi kama kelvini 3, ukinzani haukuwepo tena. Kila kitabu cha fizikia kinaikumbuka siku hiyo kwa jambo hilo: kwa mara ya kwanza metali ilipitisha umeme bila kupoteza chochote njiani.

Mimi hunivuta mstari mwingine wa daftari lile lile, ulioandikwa kwa penseli, kwa mwandiko ambao wanahistoria walitaabika kuusoma miaka mingi baadaye. Baada ya kumaliza na zebaki, waliendelea kuishusha heliamu hadi baridi ya mwisho ambayo pampu zao ziliiweza, karibu kelvini 1.8. Kabla tu ya kufika huko, Onnes anaandika, kutokota kulikoma ghafla. Mapovu yaliisha, na kimiminika kikawa kinapungua machoni mwao kwa kuvukiza kutoka juu tu. Hapo habari inaishia. Kwa nini mapovu yaliisha? Swali hilo halikumshughulisha mtu siku ile.

Kwa hiyo siku moja, katika chombo kimoja, maajabu mawili makubwa ya ulimwengu wa baridi yalijitokeza mbele ya watu wale wale. La kwanza lilitambuliwa papo hapo. La pili lilisubiri miaka 27.

Nimejiuliza mara nyingi imekuwaje, na siamini kwamba ni uzembe. Onnes alikuwa mtu wa vipimo. Aliposimama kutoa hotuba yake ya kupokea uprofesa mwaka 1882, alitangaza kwamba njia ya kujua ni kupima, na maisha yake yote alifuata njia hiyo. Nadhani sababu iko katika aina ya tukio lenyewe. Ukinzani wa zebaki ulikuwa na mlinzi: namba iliyokuwa ikifuatiliwa tangu asubuhi, na mtu gizani aliyeingoja. Mapovu hayakuwa na mlinzi. Jambo linapoanza hutuita lenyewe hata tukiwa tumelipa kisogo. Linapokoma, hulitambua yule tu aliyekuwa akilisikiliza. Na fizikia ya baridi kali, kwa jinsi ninavyoielewa, karibu yote ni elimu ya mambo yanayokoma: ukinzani, mapovu, mnato, mzunguko. Anayeingia humo hana budi kujifunza upya namna ya kuona.

Joto ni mwendo. Atomi za kila kitu hurukaruka, hutetemeka, hugongana, na kupoza kitu ni kuzipunguzia mwendo huo. Kila aliyekunywa maji ya mtungi ameonja jinsi hilo linavyofanyika. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, yakafika nje, yakavukiza. Molekyuli zinazotoroka ni zile zenye kasi kubwa, na zinazobaki ni zile zilizopoa. Ndiyo maana maji ya mtungi hupoa bila barafu wala umeme. Pampu za Leiden zilifanya kazi iyo hiyo. Zilifyonza mvuke uliokaa juu ya heliamu, atomi zenye kasi zikaondoka, zilizosalia zikazidi kupoa. Ugumu ulikuwa katika kuifikia heliamu hiyo. Kwanza hewa igeuzwe kimiminika, kisha hewa ipoze haidrojeni, nayo haidrojeni ikishafika karibu kelvini 20 ipoze heliamu, chombo ndani ya chombo, vyote vikiwa na kuta mbili zilizofyonzwa hewa katikati kwa mtindo aliobuni James Dewar wa London, mtindo uliotuletea pia chupa ya chai. Kelvini ni nyuzi zile zile za selsiasi, ila zinahesabiwa kuanzia chini kabisa, nyuzi 273.15 chini ya halijoto ya barafu inayoyeyuka. Heliamu huchemka kwa kelvini 4.2. Hakuna elementi nyingine inayochemka kwa baridi kuliko hiyo.

Hata kuzaliwa kwa kimiminika hiki kulitambuliwa kwa kukoma kwa kitu. Ilikuwa Leiden hapo hapo, tarehe 10 Julai 1908. Kazi ilianza kabla ya saa 12 asubuhi, na jioni ilipofika hakuna aliyekuwa ameona hata tone. Kipimajoto kiligoma kushuka. Walidhani jaribio limeshindwa, hadi profesa mmoja wa kemia aliyekuja kutazama, Frans Schreinemakers, alipodokeza kwamba huenda kipimajoto kimesimama kwa sababu kimezama. Wakamulika chombo kwa chini, na uso wa kimiminika ukaonekana, mkali na mwembamba, ukigusa ukuta wa kioo. Heliamu hupinda mwanga kidogo sana hata jicho huipita bila kuiona. Walikuwa nayo sentimita za ujazo 60 hivi, wameitazama bila kujua, na aliyeifichua ni mtu aliyeuliza maana ya kipimo kilichotulia.

Atomi zenyewe zilitoka mbali. Alama ya heliamu ilionekana kwanza katika mwanga wa jua, mstari wa njano ambao Norman Lockyer aliufuatilia mwaka 1868, na ilipita miaka 27 kabla ya William Ramsay kuipata duniani, ndani ya jiwe lenye urani, mwaka 1895. Onnes aliitoa yake katika mchanga wa monazaiti ulioletwa kutoka North Carolina, Marekani. Hapa duniani chanzo chake karibu popote ni kimoja: urani na thori huvunjika polepole ndani ya miamba, na kila chembe ya alfa inayorushwa ni kiini cha heliamu ambacho bado hakijapata elektroni zake. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, lina akiba kubwa ya gesi hii. Miamba ya kale mno ya eneo hilo iliizalisha kwa mabilioni ya miaka na kuifungia ndani yake. Joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungulia. Hutoka katika chemchemi za moto ikiwa imechanganyika na naitrojeni, na katika baadhi ya mapovu hayo heliamu hufikia karibu asilimia 10. Ikishafika hewani haikai. Ni nyepesi mno, na taratibu huiponyoka dunia na kupotelea angani. Nchini kwetu mazungumzo juu ya gesi ya Rukwa huwa ni ya leseni, visima na bei, na ni haki iwe hivyo. Lakini natamani vijana wa Songwe na Rukwa waambiwe pia jambo hili: atomi inayobubujika katika tope la moto karibu na kwao, ikishushwa chini ya kelvini 2.17, haitabubujika tena.

Kuna jingine inalokataa. Maji huganda, chuma huganda, hewa yenyewe huganda. Heliamu haigandi. Onnes alijaribu kuigandisha kwa kuipoza zaidi na zaidi, akashindwa hadi alipofariki Februari 1926. Mwaka huo huo mwenzake Willem Keesom alifaulu, lakini kwa kuibana kwa shinikizo la zaidi ya mara 25 ya lile la hewa yetu. Bila kubanwa namna hiyo, ingebaki kimiminika hata kwenye sifuri kamili. Atomi ya heliamu inajitosheleza: elektroni zake 2 zimejaza nafasi yao, haihitaji mwenzake, na kinachozivuta atomi hizo pamoja ni hafifu mno. Tena ni nyepesi. Kanuni za kwanta hazimruhusu yeyote atulie kabisa mahali pamoja. Hata ukiondoa joto lote, unabaki mtikisiko ambao hakuna pampu ya kuuondoa. Katika risasi au shaba mtikisiko huo hauonekani kwa sababu atomi zimeshikana sana. Katika heliamu unatosha kuzuia barafu isifanyike. Nilipolielewa hili niliacha kuifikiria sifuri kamili kuwa ni mauti ya mwendo. Joto ni mwendo mmoja tu kati ya miendo, na ukiuondoa huo ndipo mwingine, uliokuwapo siku zote, unapopata nafasi ya kuonekana.

Sasa turudi kwenye mapovu. Baada ya mwaka 1911 dalili ziliendelea kujitokeza, kila moja ikipita mlangoni pake. Leiden waligundua kwamba uzito wa heliamu kwa ujazo hupanda kadiri inavyopoa, hufika kileleni karibu na kelvini 2.2, kisha huanza kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mmarekani kijana, Leo Dana, alipima pamoja na Onnes joto linalohitajika kuipasha heliamu. Baadhi ya matokeo ya chini yalionekana makubwa mno yasiaminike, na yakaachwa nje ya makala yao. Hapo moyo huniuma kidogo, kwa sababu safari hii jambo lilikuwa na namba yake na bado likakosa wa kulipokea. Mwaka 1932 Keesom na Klaus Clusius walipima tena, wakaona kilele chenyewe, kirefu na chenye ncha, kikisimama kwenye kelvini 2.17 kwa umbo la herufi lambda ya Kigiriki. Mwaka huo huo huko Toronto, Kanada, John McLennan na wenzake waliandika kwamba wakati wa kupita kizingiti hicho mchemko hukatika mara moja na kimiminika huwa kitulivu. Naam, mapovu yaliyokoma yalikuwa yamepata mtu wa kuyaandika hadharani. Miaka michache baadaye Keesom na binti yake Anna Petronella, mwanafizikia kama baba, wakapima namna joto linavyosafiri ndani ya heliamu hiyo, wakakuta linasafiri kwa wepesi usio na mfano katika kitu chochote kilichojulikana.

Kipimo hicho ndicho kinachoeleza mapovu. Ili povu lizaliwe ndani ya kimiminika, lazima pawe na mahali palipopata joto kuliko majirani zake: chini ya sufuria, pembeni mwa ukuta. Chini ya kelvini 2.17 heliamu hairuhusu mahali kama hapo. Joto likiingia popote hutawanywa kabla halijakusanyika, likafika juu, na huko juu ndiko uvukizi unakofanyika, kimya. Kwa hiyo kutokota kulikoma kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimeanza, kitu chenye nguvu na kasi, na utulivu ulioonekana ndio uliokuwa alama yake.

Aliyefika kwenye kiini cha jambo hili ni Pyotr Kapitza, mzaliwa wa Kronstadt, Urusi, aliyekaa Cambridge tangu 1921 chini ya Ernest Rutherford. Alijengewa maabara yake, Mond, na humo akatengeneza mtambo bora wa kuzalishia heliamu ya kimiminika. Mwaka 1934 alikwenda kwao kusalimia kama alivyozoea, na serikali ya Kisovieti ikamzuia asirudi. Rutherford, aliyempenda kama mwana, aliposhindwa kumrejesha alikubali sehemu ya vifaa vya maabara iuzwe na kupelekwa Moscow ili angalau kazi isife. Mwaka 1935 akafika Cambridge kijana kutoka Toronto, Jack Allen, aliyekuja kwa ajili ya kufanya kazi na Kapitza. Akaukuta mtambo, mwenyewe hayupo. Akafanya kazi na mtambo. Baadaye akaungana naye Don Misener, wa Toronto vilevile.

Kwa hiyo watu hawa wawili, Kapitza Moscow na Allen Cambridge, walikuwa wakiuliza swali moja kwa wakati mmoja: heliamu hii ina mnato kiasi gani? Kapitza alichukua vipande viwili vya kioo vilivyosuguliwa hadi kulingana, akavilaza kimoja juu ya kingine, ukabaki mwanya wa karibu nusu ya elfu ya milimita. Heliamu iliyo juu ya kelvini 2.17 haikupita ila kwa taabu. Ilipovuka kizingiti ikapita kana kwamba hakuna kitu. Alikadiria kwamba mnato ulikuwa umepungua angalau mara 1,500, na akasema hicho ni kikomo cha juu tu cha mnato, wenyewe unaweza kuwa mdogo zaidi. Allen na Misener walitumia mirija myembamba ya kioo, wakaona jambo ambalo kwangu linashangaza zaidi: kasi ya kupita karibu haikutegemea shinikizo. Ukisukuma sana au kidogo, ni mamoja. Barua zote mbili zilichapwa kurasa zinazofuatana za jarida la Nature, tarehe 8 Januari 1938. Kapitza ndiye aliyekipatia kimiminika hicho jina la supafluidi na ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel, mwaka 1978, akiwa na miaka 84. Allen na Misener hawakupewa. Sioni ubaya kumtuza Kapitza. Naona upungufu kuwaacha wale wawili.

Mwaka ule wa 1938 ulikuwa wa kufululiza. Mwezi uliofuata Allen na Harry Jones walichukua mrija, wakaujaza unga laini sana, wakauchovya katika heliamu huku ncha ya juu ikiwa nje. Mwanga wa tochi ulipoupasha ule unga joto, heliamu iliruka juu kwa chemchemi. Yaani sehemu isiyo na mnato hukimbilia upande wenye joto, ikipenya mahali ambapo kimiminika cha kawaida hakipiti. Huko Oxford, John Daunt na Kurt Mendelssohn walionyesha jinsi heliamu inavyotambaa. Tia kikombe kitupu katika heliamu, mdomo wake ukiwa juu ya uso wa heliamu: utando usioonekana, unene wake kama atomi 100, hupanda ukuta wa nje, huvuka ukingo, hushuka ndani, hadi pande zote mbili zilingane. Kiinue kikombe, nacho kitajimwaga chenyewe tone kwa tone kutoka kitako chake hadi kikauke.

Maelezo yalitoka kwa watu waliokuwa wakisukwasukwa na dunia. Fritz London, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani na wakati huo akiishi Paris, alikumbuka hesabu ambayo Satyendra Nath Bose, akiwa Dhaka, alimpelekea Einstein mwaka 1924, na hitimisho alilolitoa Einstein: kwamba atomi za aina fulani, zikipozwa vya kutosha, zitajikusanya zote katika hali moja ya chini kabisa. Wengi walilichukua hitimisho hilo kuwa ni mchezo wa hesabu. London akapiga hesabu hiyo kwa heliamu, akapata kelvini 3.13. Si 2.17, lakini kwa hesabu iliyopuuza kwamba atomi hugusana, ulikuwa ukaribu wa kumfanya mtu asimame. Laszlo Tisza, Mhungari, naye akiwa Paris, akaongeza wazo kwamba tuifikirie heliamu hiyo kuwa vimiminika viwili vilivyoingiliana mahali pamoja, kimoja cha kawaida na kimoja kisicho na mnato.

Kapitza naye alikuwa na mwananadharia wake, Lev Landau. Tarehe 28 Aprili 1938 Landau alikamatwa na polisi wa siri. Siku hiyo hiyo Kapitza alimwandikia Stalin. Hakujibiwa kwa namna iliyofaa, hakunyamaza. Mwaka uliofuata alimwandikia Molotov, mkuu wa serikali ya Kisovieti, kwamba amegundua mambo mapya katika heliamu karibu na sifuri kamili, na kwamba anamhitaji mtu huyu ayaeleze. Aprili 1939 Landau alitolewa, amedhoofika, kwa dhamana ya Kapitza binafsi. Mwaka 1941 akachapisha nadharia yake. Katika nchi ile na miaka ile watu walitoweka na majirani wakajifunza kutouliza. Kapitza aliuliza, kwa maandishi, akiweka jina lake chini. Siwezi kuitenganisha nadharia ya supafluidi na barua zile, kwa kuwa bila barua mwandishi wa nadharia pengine asingeishi kuiandika.

Landau hakuanza na atomi moja moja. Aliitazama heliamu nzima kama kitu kimoja na kuuliza: kitu hiki kinaweza kutikiswa kwa njia gani? Jibu lake ni kwamba njia ni chache na kila moja ina gharama yake. Kimiminika kinachotiririka polepole kando ya ukuta hakina uwezo wa kulipa gharama ya mtikisiko hata mmoja, kwa hiyo ukuta hauna namna ya kukichelewesha. Msuguano haukushindwa, umekosa pa kushika. Sehemu ya kawaida ya Tisza, kwa Landau, ni mitikisiko yenyewe ambayo joto limekwisha kuilipia, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyopungua. Mwaka 1946, katika taasisi ya Kapitza, Mjojia Elephter Andronikashvili alitundika rundo la visahani vyembamba vya alumini ndani ya heliamu, akaviacha vizungukezunguke huku na huku, akapima ni kiasi gani cha kimiminika kinachokokotwa navyo. Alipopoza, kilichokokotwa kilipungua, na karibu na kelvini 1 visahani vilikuwa vikicheza karibu peke yao. Hesabu zilipatana na nadharia. Kwa maoni yangu hakuna jaribio zuri kuliko hilo katika somo hili lote: sahani za bati jepesi na uzi, na jibu la swali ambalo mtu angedhani ni la falsafa, la iwapo kitu kimoja kinaweza kuwa viwili.

London na Landau hawakupatana. Landau hakutaka habari za Bose. Miaka ilipopita ilionekana kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa ukweli. Atomi za heliamu hujikusanya kweli katika hali moja, ila kwa sababu zinasukumana, ni sehemu moja kati ya kumi hivi, au pungufu, inayokaa humo. Na bado karibu na sifuri kimiminika chote, si sehemu hiyo tu, hutiririka bila mnato. Hapo ndipo mawazo yangu ya kila siku hukwama. Nimezoea kufikiri kwamba ushirikiano wa umati ni jumla ya utii wa kila mmoja. Heliamu haiko hivyo. Huwezi kuichagua atomi moja na kuuliza kama iko ndani ya supafluidi au nje, kwa maana atomi hizo hazina alama ya kuzitofautisha, hata kwa maumbile yenyewe.

Mwaka 1967 huko Stanford, Marekani, George Hess na William Fairbank walizungusha polepole chombo chembamba cha heliamu iliyo juu ya kelvini 2.17. Kimiminika kilizunguka pamoja na chombo kama ambavyo maji yangefanya. Kisha wakakipoza huku chombo kikiendelea kuzunguka. Heliamu ikasimama. Hakuna aliyeigusa, hakuna breki. Chombo kinazunguka, kilichomo kimetulia. Kimetulia kwa kulinganishwa na nini? Si na maabara, maana maabara yenyewe inazungushwa na dunia. Hali tulivu ya heliamu hupimwa dhidi ya nyota za mbali, na mwaka 1997 kundi la Richard Packard huko Berkeley lilitumia supafluidi kuhisi mzunguko wa dunia chini yake. Mzunguko ukiwa wa kasi zaidi heliamu hukubali kuzunguka, lakini kwa vipimo kamili tu: hufanya vijizunguko vyembamba kuliko uzi wowote, kila kimoja na kiasi kile kile, hakuna nusu wala robo, kama Lars Onsager na Richard Feynman walivyokuwa wametabiri.

Ilibaki heliamu nyingine, ile adimu yenye chembe 3 katika kiini badala ya 4. Atomi zake hazikubali kukaa pamoja katika hali moja. Lazima kwanza zipatane mbili mbili, na hilo linahitaji baridi iliyo chini zaidi kwa karibu mara elfu. Wengi waliitafuta supafluidi yake wakakata tamaa. Mwishoni mwa mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwanafunzi Douglas Osheroff, aliyekuwa akifanya kazi chini ya David Lee na Robert Richardson, alikuwa akiminya heliamu hiyo taratibu ili ipoe, huku kalamu ya kipimo ikichora shinikizo kwenye karatasi. Karibu na sehemu 2.7 za elfu za kelvini, mstari ulibadili mwinamo. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo, ambalo mtu aliyechoka angesema ni kifaa kimeteleza. Osheroff alirudia, likatokea pale pale. Alipopoza zaidi akaona jingine, dogo kuliko la kwanza. Hawakuelewa ni nini. Makala yao ya kwanza, ya mwaka 1972, iliyahusisha na heliamu iliyoganda, na walikuwa wamekosea. Waliendelea kupima, safari hii kwa usumaku wa viini, hadi usiku wa tarehe 20 Aprili 1972, saa 8 na dakika 40, Osheroff alipoandika katika daftari kwamba badiliko limo ndani ya kimiminika. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 1996. Wakati bado hawajui walichokiona, waliyapa mabadiliko yale mawili ya wino majina ya kuyatofautishia tu, A na B, na hayo ndiyo majina ya supafluidi mbili za heliamu hiyo hadi leo.